Nilipokataa Kuitwa Dhaifu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, baridi ya Tottenham isiwafunge midomo!

Mimi ni Mama Neema. Wengi mnamjua binti yangu, yule wa kwaya ya vijana. Ana ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Baridi ikimwingia, mifupa humuuma mpaka analia kama kichanga. Na kwenye fleti yetu, ndugu zangu, baridi ilikuwa mpangaji! Umeme wetu ni wa kulipia kwanza, kama LUKU ya nyumbani, na mshahara wangu wa kutunza wazee ulikuwa unaishia kwenye kodi na chakula. Hita tuliiwasha Neema akitoka kuoga, kisha tukaizima. Alikuwa analala na koti na kofia.

Nikasikia serikali ya huku Uingereza inawasaidia watu gharama za kupasha nyumba joto. Nikapiga simu kaunsili, yaani halmashauri yetu. Dada aliyepokea akaniuliza kama kuna mtu "vulnerable" nyumbani kwangu, yaani mtu dhaifu. Ndugu zangu, mnajua tunavyosema humu: usikiri udhaifu, kinywa huumba! Nikajibu kwa sauti ya mkesha, "No! In Jesus' name, we are strong!" Yule dada akasema, "Oh, lovely," akafunga ombi langu. Mnacheka? Mimi nilikata simu nikiimba!

Wiki hiyohiyo maumivu yakamshika Neema, ambulensi ikamchukua. Pale kitandani hospitalini nikamsimulia nilivyojibu. Akanitazama.

"But Mum, vulnerable ni mimi. Why didn't you say me?"

Nilikosa pa kuficha uso. Niliogopa, ndugu zangu. Niliona naweza kumzika mwanangu huku nakiri ushindi.

Nikatoka nikaenda kwenye korido, nikapiga tena. Nikaambiwa ombi limeshafungwa. Nikasema basi lifunguliwe. Wakanihamishia kwa mwingine, naye kwa mwingine, na ule muziki wao nikaukariri wote. Sikukata! Nilijiambia, simu ikizima nitaazima ya mtu, lakini mwanangu harudi kwenye baridi ile. Mwishowe akapokea baba mmoja mpole, akauliza swali lilelile. Nikamwambia ndiyo, binti yangu ni mgonjwa, na mimi mwenyewe nimechoka. Nikalia hapohapo mbele ya wapita njia.

Bwana akatenda! Tulipewa vocha ya umeme, na Neema aliporudi alikuta nyumba ina joto. Juzi nimemkuta sebuleni amevaa fulana tu, anasoma vitabu vyake. Nikamshukuru Mungu nimesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Vocha itaisha, najua. Nitapiga tena.

Na wapo wanaonung'unika kwamba Mama Neema amekiri ugonjwa. Nung'unikeni! Wagonjwa waliomfuata Yesu hawakumwambia kwamba ni wazima. Tena Mungu wetu haoni haya kupitia kaunsili.

Mchungaji, niongezee dakika moja tu. Humu ndani yupo mtu ambaye nyumba yake ni baridi, na amenyamaza kwa kulinda heshima. Ndugu yangu, mtumaini Bwana, useme kweli. Ibada ikiisha nitakuwa pale jikoni kwenye chai. Njoo tupige simu pamoja, na wakituweka kwenye foleni, nitasubiri na wewe mpaka wapokee.