Siku Niliyosingizia Tumbo

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba wawili mliojibana pale mlangoni mkidhani sijawaona, nawasalimu. Mmeniomba nieleze nilivyonusurika hapa Lubumbashi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba majina ya watu sitayataja. Langu mnalijua, mimi ni yule wa mchele kutoka Tunduma.

Wengi wenu mnakumbuka ile miezi mji uliposimama. Mpaka ulifungwa, maduka yakavunjwa, risasi zikasikika hata kule Annexe nilikopanga chumba. Nilikuja kwa siku kumi, nikakaa miezi. Nyumbani nilimwacha mtoto wa miezi sita kwa mama yangu. Ndugu zangu, nawaambia, maziwa yalinikauka kifuani huku nikisikiliza redio kama mpaka umefunguliwa.

Mume wangu ni dereva wa lori la shaba. Siku moja msafara wao ukaruhusiwa kuingia mjini, akanitafuta mpaka akanipata. Mnacheka nini? Ni mume wangu wa ndoa, na tulikuwa hatujaonana miezi mitatu. Asubuhi msafara ukaondoka kwa ulinzi wa askari, na abiria hawakuruhusiwa hata mmoja.

Nilipokuwa nakunja nguo nikaiona kadi yangu ya kliniki. Nilikuwa nachomwa sindano ya uzazi wa mpango, na tarehe ya sindano ilikuwa imepita mwezi mzima na wiki mbili. Nikaketi chini. Mtoto wangu alitolewa kwa kupasuliwa, na kizazi kilikuwa kimeanza kuchanika. Daktari aliniambia kwa kunikazia macho: ukibeba mimba nyingine kabla ya miaka miwili, unaweza kufa.

Nilijua kuna kidonge cha dharura, na kwamba kadiri unavyokimeza mapema ndivyo kinavyosaidia. Lakini farmasi zote za mtaa zilikuwa zimefungwa, na mimi mgeni. Ningemuuliza nani? Mama mwenye nyumba wangu ni Mkatoliki wa kweli, mtoto wa mfanyakazi wa reli, picha ya Bikira Maria kila ukuta. Nikaona aibu. Aliponikuta nimejikunja uani, akaniuliza nina nini, nikamjibu, "Tumbo linaniuma."

Jamani, ule uongo ulinigharimu! Akachemsha mizizi michungu sijui ya mti gani, akanisimamia nikanywa. Jioni kikombe kingine. Kesho yake kikombe cha tatu, na majirani wakaja kunipa pole. Kila mmoja alinionea huruma kwa ugonjwa nisiokuwa nao, na ule nilionao ukawa unakula saa zangu. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili ikafika katikati.

Alipoleta kikombe cha nne mikono yangu ikakataa kukipokea. Nikalia. Nikamwambia yote, kadi, kizazi, mume, kidonge. Nilisubiri anitoe nyumbani kwake.

Akaweka kikombe chini kwa nguvu.

"Weye! Mi nachemusha mizizi tangu jana, weye unakunywa tu na kunyamaza! Juu ya nini haukusema mbele?"

"Niliogopa, mama. Mambo ya kanisa…"

"Mambo ya Padri, nitaongea naye mi mwenyewe. Mutoto wako iko na miezi ngapi?"

"Tisa sasa."

"Basi iko na lazima ya mama yake. Vaa kitambaa, tunaenda."

Alimjua mama mmoja mwenye farmasi, mzaliwa wa Kivu, aliyehamishia dawa zake nyumbani kwa kuogopa waporaji. Nyumbani hakuwepo. Alikuwa kwenye kilio cha jirani yake. Na nyinyi mnajua, kwenye kilio huingii na shida zako. Unaingia kwa kulia, unaketi chini na akina mama, unasaidia kuchambua sombe, kisamvu kama tunavyoita kwetu, ndipo utasikilizwa.

Basi nikalia. Marehemu sikumjua hata sura, lakini machozi nilikuwa nayo tele, nikayamwaga pale. Bibi mmoja wa familia akanikumbatia, akaniuliza, "Mama, ulimujua sana?" Nikaitikia kwa kichwa tu. Mungu anisamehe, na marehemu pia.

Nilichambua sombe karibu saa nzima, nikihesabu dakika. Mwenye nyumba wangu alijisogeza polepole mpaka kwa yule mama wa farmasi, akamnong'oneza. Yule akaniangalia, akasimama kana kwamba anaenda kutazama sufuria za bukari, ugali wa huku, akanipungia mkono nimfuate.

Dawa alizificha ndani ya ndoo, chini ya maharage. Kabla ya kunipa aliniuliza ni lini, ninaumwa nini kingine, natumia dawa gani. Hakuniuliza kwa nini.

"Hii haitoe mimba," akasema. "Inazuia tu, na haizuie kila mara. Meza sasa. Ukitapika mbele ya saa mbili kupita, urudie. Damu ikichelewa wiki moja, unakuja kupima. Na sindano yako usiiache tena."

Nikameza mbele yake. Tukarudi kilioni kumalizia sombe, maana tungeondoka hivi hivi tungesemwa.

Damu yangu ilikuja siku ya kumi na tisa. Nilipiga kelele uani, mwenye nyumba akatoka mbio na mwiko, akidhani waporaji wamefika. Nilipomwambia, tukacheza pale pale, yeye na mwiko wake. Mpaka ulipofunguliwa nilirudi nyumbani, nikamkuta mwanangu anasimama kwa kushika kiti. Hakunijua. Ilichukua wiki nzima akubali nimbebe, nami nilikuwa hai kuingoja hiyo wiki. Mdogo wake alizaliwa miaka mitatu baadaye, siku tuliyopangiwa na daktari.

Namshukuru yule mama wa ndoo ya maharage. Nawashukuru waliofiwa, walionipokea bila kujua walichonisaidia. Na mwenye nyumba wangu yumo humu ndani, ananikazia macho nisimtaje, basi simtaji.

Akina mama wenzangu, watu hawa walikuwa tayari kunisaidia tangu siku ya kwanza. Waliponiuliza, niliwapa ugonjwa wa uongo, wakautibu kwa moyo wao wote. Ukiwa ugenini ukapata mtu anayekuuliza una nini, mwambie una nini.

Mimi nimeadhibiwa vya kutosha. Mpaka leo nikifika na mizigo yangu, mwenye nyumba wangu hanifungulii kwanza. Ananiuliza nikiwa mlangoni: "Leo unaumwa kweli, ao nichemushe mizizi?"