Ndugu Yetu Hakuwa Mzembe

Wafiwa wenzangu, majirani na mafundi mliofika, mimi ni kaka yake mkubwa, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu, mliyezoea kumwita Narudi, kwa kuwa ndivyo alivyoaga kila alipoacha kazi katikati.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1983, kitinda mimba wa mama yetu, akaanza darasa la kwanza Januari 1990, akapoteza madaftari, sweta, hata kiatu kimoja, akachapwa kwa uzembe mpaka naye akaamini kuwa ni mzembe, ingawa redio iliyokufa aliifufua kabla chai haijapoa.

Alifanya kazi ya ufundi umeme tangu 2004, akafunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009 na mkewe mshonaji, aliyemshonea mfuko wa funguo wa kuvaa shingoni, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka jana alimsahau binti yake shuleni, akalia sana, akaenda hospitali mwenyewe, wakambandika nyaya kichwani kupima mawimbi ya ubongo, naye akawatania kuwa leo fundi umeme kapimwa umeme. Daktari alieleza kuwa kipimo kile kinasaidia kutambua tatizo la umakini kwa mtu mzima, lakini peke yake hakitoshi, ni lazima aliyemlea aeleze utoto wake.

Mama alikwenda, na kama mama yeyote anayeulizwa habari za mwanawe mbele ya wageni, alimsifu, kwamba alikuwa mtulivu, msikivu, hajapata kupoteza hata penseli. Daktari akashindwa kuthibitisha, dawa zikasubiri, akapangiwa kurudi tarehe 20 Agosti mwaka huu. Jioni ile alimwambia mkewe, "Basi ni uzembe tu," na hakutania tena.

Tarehe 9 Agosti, akiwa kazini, alishuka ngazi kwenda kuzima swichi kuu, simu ikaita, akaongea na mteja, akapanda tena, akashika nyaya akiamini ameshazima.

Majuto ni mjukuu, nasi leo tumempakata. Mama ndiye aliyeomba niyasome haya yote, akaniambia, "Safari hii usimsifu."

Tunawashukuru madaktari, ambao hatuna la kuwalaumu, majirani waliolala nasi, na mafundi wenzake waliomshusha kwa mikono yao.

Mdogo wangu, hukuwa mzembe, na tumechelewa kukuambia. Pumzika kwa amani.