Mstari Niliouandika Juu ya Liliane

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnanijua kama katibu wa kanisa hili. Leo nasimama kama mtu aliyefunguliwa, na kufunguliwa kwenyewe kuliniuma.

Mke wangu Liliane alipoteza mimba tatu. Ya nne ilifika, tukampata Daniel, mwenye moyo mbovu tangu kuzaliwa. Daktari mmoja mtafiti hapa Kisangani alichukua damu yetu sote watatu, akaipeleka ng'ambo isomwe. Siku ya tisa tangu kuzaliwa Daniel akafa.

Matangani mlimsikia dada yangu. "Liliane, batoto ine! Iko njaa ya namna gani hiyo?"

Watu waligeuza nyuso. Mimi pia niligeuza. Juma lililofuata baraza la wazee lilimwita ndoki, mchawi anayekula watoto wake, nami, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika katika daftari la kanisa: "Liliane ametengwa kwa sababu ya uchawi." Nikausoma mstari huo hapa mbele. Akarudi kwao Yahuma na mfuko mmoja.

Miezi ikapita. Daktari akaniita.

"Bon, papa, majibu imefika. Hii kitu iko ya kurithi."

Ndugu zangu, nilifurahi! "Nilijua! Mama yake alimurithisha bundoki, uchawi wake!"

"Hapana, papa. Iko yako."

Alichukua madaftari mawili mezani. Ndani ya mwili mna nyuzi zinazobeba urithi wetu, kromosomu. Kwangu mbili zilikatika zikabadilishana vipande, kama madaftari yaliyobadilishana kurasa. Mimi ninayo yote mawili, sikosi kitu, ndiyo maana ni mzima. Lakini mtoto akipewa moja tu kati ya hayo, kurasa nyingine zinazidi, nyingine hazipo. Daniel alipewa moja.

Nikamkumbuka marehemu papa yangu. Kabla ya kumwoa mama alifukuza wake wawili, akisema wanakula watoto. Ee Mungu! Hata kufukuza mke nilikurithi kwake.

Nilikwenda Yahuma. Liliane alikuwa akimenya mihogo, hakuinuka. Nilimweleza yote. Akauliza jambo moja: "Yangu ulisoma mbele ya batu. Ya kwako utasoma wapi?"

Basi nasoma. Chini ya mstari ule, kwa mkono uleule: "Ugonjwa ulitoka kwangu. Liliane hana hatia." Wa kwanza sikuufuta. Uonekane.

Ndugu zangu, sina mtoto wa kuwaonyesha. Daktari amesema mimba nyingine huenda ikapotea vilevile. Wala Liliane hajakubali kurudi kwangu. Lakini namshukuru Bwana aliyenitoa katika uongo wangu! Mtumainini, hata akiwafunulia msilolipenda. Na kama yupo uliyemwita ndoki, mwendee leo.

Liliane amekuja kusikia, yupo pale mlangoni, mfuko mkononi. Tangu ibada ianze amesimama. Nani atamsogezea kiti?