Mama Debra Waceke Kibe, Mwenye Kitabu cha Benchi

Debra Waceke alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 pale Mutu-ini, Dagoretti, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kihara Ndung'u na marehemu Mama Hana Nyambura. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja ngumi. Sisi tuliowahi kubishana naye tunaamini hakuwahi kuikunjua.

Alianza shule hapo hapo Mutu-ini mwaka wa 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka wa 1966. Alipita vizuri, lakini nafasi ya sekondari ilimwendea kaka yake, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Hakufurahi, wala hakujifanya amefurahi. Mwaka wa 1968 alijiunga na chuo cha ushonaji cha kanisa kule Riruta, akatoka na cheti pamoja na makasi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukatia hata karatasi.

Kuanzia 1970 hadi 1986 alishona sare za shule katika duka moja la barabara ya Biashara, katikati ya jiji la Nairobi. Baadaye alifungua kibanda chake cha ushonaji mtaani Satellite, na hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamia. Sare zake zilijulikana kwa pindo refu, maana kila mzazi aliyelalamika alijibiwa, "Mtoto si ukuta, atakua." Mdogo wake anayewasomea wasifu huu alivaa kaptura moja kutoka darasa la nne hadi la saba, na alipomaliza shule pindo lilikuwa bado linaendelea.

Alikutana na Bwana Haron Kibe mwaka wa 1973. Haron alikuwa mchinjaji katika machinjio ya Dagoretti, na alifika dukani na suruali iliyopasuka gotini, ingawa duka lile halikurekebisha suruali za watu wazima. Alipoileta mara ya tatu, Waceke aliinua kitambaa kwenye mwanga akasema, "Hii haijararuka. Hii imekatwa na kisu. Wewe unataka nini haswa?" Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975. Mungu akawajalia watoto watatu: Karanja, Wanjiku ambaye sote tunamwita Shiko, na Kihara.

Februari 2001, Waceke aligundua uvimbe katika titi la kushoto. Alinyamaza. Aliendelea kukanyaga cherehani kwa miezi minne, akijiambia ni mkono umechoka, mpaka Shiko alipomshika na kumpeleka mjini kupimwa. Jumatano tarehe 13 Juni aliambiwa ni saratani na kwamba titi litaondolewa. Alimshukuru daktari kwa adabu, akatoka bila kuchukua tarehe ya upasuaji. Katika maisha yake hakuwa amemjua hata mtu mmoja aliyepata ugonjwa huo akapona, au kama alikuwepo, mtu huyo hakuwahi kusema. Aliporudi kibandani alikata kitambaa cha kijani kibichi, kile alichokuwa amekiweka kwa harusi ya Shiko, akaanza kujishonea nguo ya kuzikwa.

Mzee Haron hakuweza kumsaidia. Tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe ametuambia tuuseme. Mtu huyu alichinja ng'ombe miaka thelathini, lakini harufu ya hospitali ilimshinda, na akiona sindano alianguka. Alikuwa akimsindikiza mkewe hadi langoni, kisha anabaki nje na kofia yake mkononi kando ya muuza magazeti. Aliona aibu sana kwa hilo, na Waceke alijua.

Ni Shiko aliyerudi kliniki kisirisiri na kumlilia muuguzi. Jumamosi tarehe 30 Juni, wanawake watatu wasiojulikana waliingia kibandani Satellite wakiwa na leso viunoni, chupa ya chai na daftari kubwa la mistari. Walisalimia, wakaketi, wakaomba kwa muda mrefu. Sasa, sote tunajua wanawake wakija hivyo, na daftari kama la michango, wamekuja kwa sababu gani. Waceke alisubiri wafike Amina, kisha akasimama na makasi mkononi.

"Yaani mmekuja matanga na mimi bado niko hapa nakata kola?"

Aliyeshika daftari alikuwa Mama Oduor, yaani Bi. Peres Achieng', muuza samaki wa soko la Kawangware. Hakusimama wala hakuomba radhi.

"Mama Karanja, hii kitabu si ya matanga. Ni ya benchi."

Akamweleza. Walikuwa wanawake waliowahi kuugua saratani wakatibiwa, na kazi yao ilikuwa moja tu. Kila Alhamisi, siku ya kliniki, mgonjwa mpya alikaa kwenye benchi la kusubiri na mtu aliyekwisha kupita pale. Daftari lilikuwa na safu mbili, mgonjwa na mwenzake. Hakuna jina la mgonjwa lililoandikwa bila la mwenzake mbele yake.

"Maneno ni rahisi," Waceke alisema.

"Basi kuja uone."

Waliingia nyuma ya pazia la wateja kujaribia nguo. Mama Oduor akafungua blauzi. Hakukuwa na titi upande wa kulia, kulikuwa na kovu refu la mshazari. Waceke alilipitishia kidole taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, jinsi alivyozoea kukagua kazi ya mtu mwingine.

"Aliyekushona alikuwa na haraka," alisema. "Lakini uzi umeshika."

"Umeshika miaka saba, dada. Jana tu nimebeba gunia mbili za omena."

Waliokuwa nje ya pazia walisikia kicheko, kisha kilio, kisha kicheko tena. Upasuaji ulifanywa Jumanne tarehe 17 Julai 2001. Kila Alhamisi ya matibabu yaliyofuata, Mama Oduor aliketi kando yake. Waceke alitueleza baadaye kwamba hakukumbuka ushauri wowote aliopewa pale. Alikumbuka bega la mtu aliyekuwa mzima.

Alipopata nafuu alipiga moyo konde akaanza kuwashonea wenzake matiti ya kuvaa ndani ya sidiria. La kwanza, lake mwenyewe, alilijaza ndengu ili liwe na uzito. Akanyeshewa akienda Westlands kununua vifungo, akalitundika bila kulifungua, na baada ya siku tatu akalikuta limechipuka. Kuanzia siku hiyo alitumia pamba na changarawe iliyooshwa, lakini hadithi ya ndengu alimsimulia kila mgonjwa mpya, na wako walioingia chumba cha mionzi wakifuta machozi ya kucheka.

Mwaka wa 2003 Mama Oduor alirudi nyumbani Siaya kulima, akamwachia daftari. Waceke alilitunza miaka sita. Aliandika humo majina sitini na moja: wauza mboga, walimu, msichana wa kazi kutoka Kitisuru, hata Bwana Joash aliyeugua saratani ya koo, ambaye alipouliza kama wanaume wanaruhusiwa aliambiwa, "Benchi halina sketi, kaa." Si wote walipona. Alizika kumi na saba, na kila mara Alhamisi iliyofuata alikuwa benchini. Na ile nguo ya kijani? Aliivaa harusi ya Shiko mwaka wa 2002, akaivaa ubatizo wa wajukuu wote wanne na Krismasi zote, hadi viwiko vikatoboka. Nguo aliyovaa leo imebidi tumshonee nyingine.

Novemba 2008 alianza kuumwa mgongo, na ikajulikana kwamba saratani imerudi mifupani. Safari hii hakunyamaza hata siku moja. Wenzake wa benchi walimjia nyumbani kwa zamu, wakimkanda miguu na kumpigia kelele ale. Wiki yake ya mwisho wasiwasi wake ulikuwa mmoja. Jacklyne, msusi wa Kangemi mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, alikuwa aanze mionzi Alhamisi tarehe 23 Julai, na safu ya mwenzake ilikuwa tupu. "Baba Karanja, nani atakaa na huyu mtoto?" alimuuliza mumewe mara nyingi. Mama Debra Waceke aliaga dunia nyumbani kwake Jumapili tarehe 19 Julai 2009, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, Mzee Haron Kibe, watoto Karanja, Shiko na Kihara, wajukuu wanne, ndugu wawili, na rafiki yake Bi. Peres Achieng', aliyesafiri usiku kucha kutoka Siaya. Na watu arobaini na wanne wa daftari walio hai, ambao wengi wao wameketi pale mbele.

Aya hii ya mwisho haimo katika ratiba mliyoshika, maana ratiba ilipigwa chapa Jumatano. Jana, Alhamisi, watu wa hema la mazishi walimtafuta Mzee Haron tangu asubuhi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tuliogopa. Alirudi saa tisa alasiri, kofia mkononi.

"Baba, ulikuwa wapi?" Shiko akamuuliza.

"Nilikuwa kwa benchi."

"Ndani? Na hukuanguka?"

"Nilitaka kuanguka. Jacklyne akanishika mkono."

Daftari liko hapa mezani kando ya picha yake. Mbele ya jina la Jacklyne, katika ile safu iliyokuwa tupu, imeandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: HARON.

Pumzika kwa amani, Mama Waceke. Benchi lina mtu.