Taa ya Jikoni ya Mzee Torleif Skarvøy, 1934–2023

Mzee Torleif alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 hapa hapa kisiwani, mtoto wa kwanza wa mvuvi Anfinn na mkewe Malene. Aliyemfuata ni mdogo wake, Eilif. Hao wawili walikula sahani moja mpaka wakaota ndevu.

Shule alisoma miaka saba, ikaishia hapo. Bahari ilikuwa inamtapisha, basi mwaka 1951 akaenda mji wa Bergen, ofisi moja ya mahesabu ya upepo, kuzungusha mashine za hesabu. Mashine zile hazikula umeme, zilikula mkono wa mtu. Unapanga tarakimu, unazungusha mpini, unazungusha tena, kutwa nzima. Mkono wake wa kulia ukanenepa mpaka fundi cherehani akamuuliza, "Kaka, huu mwingine umeuazima kwa nani?"

Mwaka 1959 ikaja kompyuta, kubwa kama zizi, ina taa za kioo elfu mbili ndizo zinazopiga hesabu, inakula umeme kuliko kisiwa chetu kizima. Torleif akapewa kazi ya kulinda umeme wake. Sheria ilikuwa moja tu: usiizime. Zile taa zikipoa, ukiziwasha tena zinakufa.

Asubuhi ya Jumamosi, 21 Oktoba 1961, umeme wa mji ukaanza kuchezacheza. Torleif akaogopa mashine itaungua, akaizima. Alipoiwasha, taa arobaini na moja zilikufa papo hapo, na hesabu za upepo wa siku ile zikabaki nusu. Akarudi kwenye mpini, akazungusha mpaka kiganja kikatoka damu. Redio ilitangaza dhoruba saa nane na dakika ishirini mchana. Eilif na wenzake watatu walikuwa wameng'oa nanga kwenda kuvua saa saba na nusu. Haukupatikana hata ubao.

Siku ya ibada ya kuwaaga, Ragna, mjane wa Eilif, alimwambia, "Shemeji, ulizima mashine, ukanizimia na mume. Usinisemeshe tena." Ikapita miaka sitini na moja, na nyumba zao zinatazamana.

Mwaka 1964 alimuoa Borghild, wakarudi kisiwani. Taa ya jikoni, inayotazama dirisha la Ragna, hakuizima hata siku moja. Borghild alikuwa akimwambia, "Torleif, zima tulale! Mimi si mashine, nikipoa sifi." Anacheka, hazimi. Borghild alitutoka mwaka 2011.

Moyo ulianza kumsumbua 2021. Msimu huu wa baridi alimtuma mjukuu wake Sjur kwa Ragna mara tatu. "Mwambie shemeji simwombi kitu. Aje tu tunywe kahawa." Mara ya tatu Ragna alijibu, "Nafikiria."

Mzee Torleif alifariki jikoni kwake tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, amelielekea dirisha. Haikupita saa nzima, Ragna akavuka barabara na mkate wake umefungwa kwenye kitambaa. Aliambiwa mlangoni. Akaingia hivyo hivyo, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nimechelewa, Torleif," alisema. "Na mimi nimechelewa."

Halafu akanyanyuka, akazima taa.

Ameacha binti mmoja, Ingunn, wajukuu wawili, Sjur na Aslaug, na shemeji yake Ragna, ambaye ameomba mwenyewe jina lake lisomwe hapa.

Lala sasa, mzee. Taa imezimwa.