Mzee Spana na Mkanda Aliokataa Kuulegeza

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa pili. Unasomwa na mdogo wake marehemu, ambaye ameahidi mbele ya mjane kwamba hataruka mstari hata mmoja. Alipoomba aandikiwe maneno matamu, binti alimjibu, "Baba mdogo, utamu mtaupata kwenye chai."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha mwaka 1967 akajiunga na chuo cha ufundi, alikokaa mwaka mmoja na miezi minne. Huko mwalimu wa mitambo alimweleza kwamba mkanda wa mashine una pande mbili, mmoja unavuta na mwingine unarudi umelegea, na kinachozungusha gurudumu ni tofauti ya mvuto wa pande hizo mbili. Marehemu alicheka hadi darasa zima likamgeukia. Kwake kulegea kulikuwa ugonjwa. Cheti hakupata, ila majivuno alitoka nayo kamili.

Alifanya kazi kiwanda cha kukamua mafuta hadi mwaka 1986, na mwaka uliofuata akafungua mashine ya kusaga nafaka katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Dawa yake ilikuwa moja tu. Mkanda ukiteleza, kaza. Mashine ikipiga kelele, kaza. Mkanda ulikuwa unatulia siku tatu, halafu beringi iliyokuwa inabeba mvuto wote huo inaungua, na wateja wanarudi nyumbani na ndoo zao kama walivyokuja nazo. Mwaka 1994 alifunga gurudumu kubwa zaidi kwenye kinu, akitamba kwamba sasa kitasaga hata mawe. Nguvu ya kuzungusha iliongezeka kweli, lakini mwendo ukapungua, na unga ukatoka kama mchanga wa kujengea. Aliwalaumu wakulima.

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na mshonaji nguo. Wiki ya kwanza tu alikata kipande cha mkanda wa cherehani ya mkewe na kuukaza, mpaka bibi harusi akalazimika kukanyaga pedali kwa miguu miwili huku ameshikilia meza. Mama hakubishana. Alisubiri bwana atoke, akakirudisha kipande kilichokatwa, akaubonyeza mkanda kwa kidole kuona unavyocheza, akaendelea kushona kwa miaka arobaini. Marehemu alikuwa akiwaambia wageni kwamba cherehani ile haisumbui kwa sababu aliikaza yeye. Binti alikulia chini ya meza hiyo, na alijifunza kwa kidole cha mama yake yote ambayo baba alikataa kujifunza chuoni.

Mwaka 2004, akiwa na miaka ishirini na miwili, binti alimwambia, "Baba, puli ya mota, hilo gurudumu linalopitiwa na mkanda, ni ndogo, mkanda unaikumbatia kidogo mno. Tufunge kigurudumu upande uliolegea, kiusukume mkanda uikumbatie zaidi. Hatutahitaji kukaza namna hii, na beringi..."

"Nani kakuuliza?" alisema marehemu mbele ya foleni nzima. "Nenda kashone!"

Watu walicheka. Baadhi yao wapo hapa leo, na binti anawakumbuka mmoja mmoja. Kwa miaka kumi na minane alianza sentensi ile, na hakuna hata mara moja aliyoachiwa aimalize.

Tarehe 3 Juni 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza na spana ikamtoka. Wiki iliyofuata binti alifunga kigurudumu chake, akalegeza mkanda. Miezi kumi na minne imepita, na hakuna beringi iliyoungua. Marehemu alikaa kwenye kiti mlangoni, akisikiliza mashine inavyounguruma bila kukwama, na kila mteja aliyeisifia alimjibu, "Si unaona? Niliikaza vizuri kabla sijaugua." Binti alikuwa hatua mbili kutoka pale, unga umemjaa kwenye kope. Alimdharau kwa hilo, na bado anamdharau.

Tarehe 8 Agosti 2023, wodini, alimwomba, "Baba, sema tu mara moja kwamba nilikuwa sahihi."

"Ile mashine," marehemu akauliza kwa taabu, "nani aliikaza?"

Binti aliutazama ule mkono uliolala juu ya shuka. "Wewe, baba."

"Basi," akasema, akafumba macho. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Jibu lile lilikuwa uongo. Binti alilitoa kwa huruma, na hajapata usingizi mzuri tangu alitoe, kwa hiyo analifuta hapa, mbele yake na mbele yenu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mashine moja inayozunguka kwa sababu mkanda wake ulilegezwa na binti yake, ambaye alikuwa sahihi.

Baba mdogo, rudia mstari huo, polepole. Kaka yako hajawahi kuusikia hadi mwisho. Ukimaliza, apumzike kwa amani.