Bi Mwanasha na Faili Aliloliita BADO

Bi Mwanasha Mfaume anastaafu tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na tisa ya mwisho katika masjala ya mradi wetu wa maji vijijini hapa Kilwa Masoko. Mimi, Valentini Chilumba, ofisa takwimu, nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake. Heshima hiyo siistahili. Nitaeleza kwa nini, maana jarida hili linasomwa na wote waliomlaumu.

Alizaliwa Rutamba, akaanza kazi Lindi mjini mwaka 1972 akiwa mpiga chapa. Katika masjala yake, aliyerudisha jalada lenye alama ya kikombe cha chai alipewa kitambaa alifute mbele za watu. Wahandisi wenye digrii walimwamkia shikamoo wakiwa mlangoni ili awapunguzie ukali. Aliitikia marahaba, na ukali ukabaki palepale.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na wafadhili mwaka 1995. Sisi wasomi tulikimbilia mchezo wa karata. Yeye alijifunza programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu, isiyo na rangi wala mapambo, akigonga herufi kwa nguvu ya taipureta mpaka tukaihurumia meza. Humo akajibunia mpango wake wa kumbukumbu.

Kila kijiji kilikuwa na faili lake, na kila aliyefika na shida aliandikiwa mstari mmoja: tarehe, jina, na maneno yake kama alivyoyasema. Neno “linashughulikiwa”, ambalo ofisi nzima tulilitumia asubuhi na jioni, alilikataa katakata, kwa hoja kwamba halimwambii mtu arudi lini. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, au bado. Lililokwisha lilikaa katika faili la kijiji. Ambalo halijaisha alilihamishia katika faili moja aliloliita BADO, na hilo ndilo alilolifungua kila asubuhi kabla ya kugusa chai. Ukimuuliza habari za kijiji cha Mitole, aliandika neno Mitole sehemu ya kutafuta, na kabla hujavuta kiti alikuwa na jibu.

Machi 1998 niliagizwa kuisafisha kompyuta. Nikaliona faili linaloitwa BADO, nikadhani ni rasimu ya mtu ambaye hajamaliza kuandika. Sikulifungua. Nikalifuta. Mtu mwenye stashahada nilishindwa kuuliza swali moja la Kiswahili kwa mama aliyekaa hatua nne kutoka kwangu. Naona haya mpaka leo.

Kesho yake asubuhi akaja Bi Kazija, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Mitole, kuulizia vipuri vya pampu iliyokufa tangu Januari. Kina mama wa kwao walikuwa wanachota dimbwini. Kumbukumbu ya ombi lake haikuonekana, wala ya kijiji kingine chochote. Kikaitwa kikao. Bi Mwanasha alieleza kwamba faili lilikuwapo na hajui limekwenda wapi. Mwaka ule wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kwenye orodha. Nilikaa viti viwili kutoka kwake, nikaitazama kalamu yangu. Alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Ukuu wa masjala, ambao ilikuwa zamu yake kuupata, akapewa mwingine.

Hakununa. Kwa wiki sita alizunguka kijiji kwa kijiji, mpaka Songo Songo kwa boti, akiwaomba watu radhi kwa kosa langu na kuandika upya shida zao. Safari ya Mitole nilikuwamo garini. Bi Kazija alimpokea kwa muhogo wa kuchemsha, akamwambia, “Ofisi zote zinasahau, dada. Wewe angalau umekuja kusema umesahau.” Bi Mwanasha akashukuru. Mimi nikala muhogo ule. Pampu ilitengenezwa mwezi Mei.

Wiki iliyopita nilimwandikia meneja barua ya kukiri, nikiomba onyo lile lifutwe. Barua zote hupita masjala, kwa hiyo nilimkabidhi Bi Mwanasha mwenyewe. Aliisoma yote, kisha akanirudishia. “Barua isiyo na tarehe siipokei, Valentini.” Nikaandika tarehe. Akataka niongeze na tarehe niliyolifuta faili. Niliikumbuka bila kufikiri. Akagonga mhuri, akaiandika katika kitabu cha barua zinazoingia, akaniambia chai inapoa.

Meneja amelifuta onyo. Cheo hakirudi, kwa kuwa siku za kazi zimekwisha. Kama nimesamehewa hajaniambia, na kuuliza sina haki.

Bi Mwanasha, ofisi nzima inakushukuru, na mimi nakuomba radhi mbele yao wote. Mola akujalie afya, mapumziko mema Rutamba, na majirani wanaouliza kabla ya kugusa kitu cha mtu.